Alfa Romeo na gari la pili

Tarehe 10 Aprili 2024 Alfa Romeo walizindua gari lao dogo jipya jijini Milano, wakalipa jina la jiji hilohilo: Milano. Tarehe 15 jina likafutwa. Waziri wa viwanda wa Italia, Adolfo Urso, alikuwa amesema wazi kwamba sheria ya mwaka 2003 inakataza bidhaa kubeba jina linalomfanya mnunuzi aamini imetengenezwa Italia ilhali imetengenezwa kwingine, na gari hilo linaundwa Tychy, nchini Poland. Kampuni ikajibu kwamba haioni sheria gani imevunja, lakini kwa kuepusha mvutano ikalibadilisha jina. Sasa linaitwa Junior.

Sakata lile liliniuma. Hii ni kampuni iliyozaliwa Milano mwezi Juni 1910. Nembo yake upande mmoja ina msalaba mwekundu wa jiji la Milano, upande wa pili nyoka wa ukoo wa Visconti waliowahi kulitawala jiji hilo. Leo serikali ya nchi yake inaiambia kwamba jina la kwao haistahili kulitumia. Na ukisikiliza hoja za pande zote mbili, kila mmoja ana lake la kweli. Waziri alikuwa analinda viwanda vya nchi yake. Uongozi wa Alfa nao ulieleza kwamba kulitengeneza gari hilo Italia kungeongeza bei kwa takribani euro 10,000, na kwa gari dogo ongezeko hilo linafukuza wateja.

Nimeipenda Alfa Romeo kwa muda mrefu, na nimeisoma historia yake kwa upande wa ushindi na kwa upande wa aibu. Nikikaa kuitafakari naona ugonjwa mmoja unaojirudia. Kutengeneza gari zuri wanajua; katika kila kizazi wametoa moja linalowanyamazisha wapinzani. Shida huanza baada ya hapo. Gari la kwanza likishashangiliwa, fedha hukatwa, bosi hubadilika au mmiliki hubadilika, na gari la pili ambalo lingegeuza mafanikio kuwa biashara ama halitoki, ama linatoka likiwa limechelewa na limejaa vipuri vya kuazima.

Nitaanza na sedani ya 156, kwa sababu ndiyo iliyoniteka. Kulikuwa na moja, rangi nyekundu iliyoanza kufifia, iliyokuwa ikiegeshwa mtaa mmoja wa Upanga, Dar es Salaam. Kwa mbali ungedhani ina milango miwili tu. Ukisogea ndipo unaona kwamba vitasa vya milango ya nyuma vimefichwa juu, kwenye kona nyeusi ya dirisha, na vya mbele ni vya chuma kinachong'aa. Kibao cha namba hakikukaa katikati. Kimesogezwa pembeni ili ile ngao ya mbele ya Alfa ishuke mpaka chini bila kuzibwa. Nilikuwa nikipita pale najikuta nimesimama. Walter de Silva aliyeongoza uchoraji wake hakuongeza mapambo, ila kila mstari ulikuwa na kazi.

Gari lile lilitoka mwaka 1997, likashinda tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1998. Ndilo lililokuwa gari dogo la abiria la kwanza kuuzwa likiwa na dizeli ya mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la pamoja linalogawa mafuta yenye shinikizo kubwa kwa silinda zote, mfumo ambao leo umo karibu kwenye kila dizeli mpya, hata kwenye pikapu zetu. Na toleo la juu lilikuwa na injini ya V6 ya mhandisi Giuseppe Busso, yenye mabomba sita ya kromu yaliyopangwa juu ya injini kwa namna ambayo ungetaka boneti ikae wazi.

Halafu ikaja zamu ya gari la pili, 159 ya mwaka 2005. Sura yake bado nzuri mno, kwangu mimi ni kati ya nyuso bora za sedani za miaka ile. Lakini chini yake kulikuwa na msingi, yaani sakafu na mitambo ya chini ambayo gari hujengwa juu yake, uliobuniwa pamoja na General Motors, na msingi ule ulikuwa mzito. Injini ya Busso ikaachwa. Bloku ya V6 mpya ikawa inatoka kampuni ya Holden, Australia. Injini za mwisho za Busso zilitengenezwa kwenye kiwanda cha Arese, karibu na Milano, mwishoni mwa 2005, na mzee Busso mwenyewe akafariki mwanzoni mwa Januari 2006, siku chache tu baadaye. Mashabiki wengi hawajaisahau ile wiki. Na 159 ilipofikia mwisho wake mwaka 2011, hakukuwa na mrithi. Kampuni iliyokuwa ikishindana na BMW ikabaki na magari mawili ya ukubwa wa kati na mdogo, Giulietta na MiTo.

Si kwamba kabla ya hapo mambo yalikuwa shwari. Alfa ilishinda ubingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1950 kwa Nino Farina, na wa pili mwaka 1951 kwa Juan Manuel Fangio, kisha ikajitoa. Enzo Ferrari alikulia pale, akaendesha magari yao na kuisimamia timu yao kabla hajajitegemea. Lakini tangu 1933 kampuni ilikuwa chini ya shirika la umma la IRI, na serikali huwa na malengo yake. Mwaka 1968 ikaanza kujenga kiwanda Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli, ili kuleta ajira kusini. Pale likazaliwa Alfasud, gari dogo lililokuwa likikata kona kuliko karibu kila gari la daraja lake, na likaliwa na kutu upesi hivi kwamba sifa hiyo haijaiacha Alfa hadi leo.

Kisha Arna. Sisi tunaoijua Nissan kama tunavyoijua njia ya nyumbani tunapaswa kuielewa habari hii kuliko wengine. Mwaka 1983 Alfa na Nissan walitoa gari la pamoja. Unaposikia Mjapani na Mwitaliano wameungana, unategemea umbo la Kiitaliano na uimara wa Kijapani. Wao walichukua bodi ya Nissan Cherry, wakaiwekea injini na gia za Alfasud. Sura haikumvutia mpenzi wa Alfa, mitambo haikumtuliza mteja wa Nissan. Fiat waliponunua kampuni mwaka 1986, wakiizuia Ford iliyokuwa ikiitaka, Arna ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuondolewa.

Basi turudi kwenye miaka hii.

Sergio Marchionne, aliyekuwa akiongoza Fiat na baadaye Fiat Chrysler, alikataa hadharani kuiuza Alfa kwa Volkswagen, ambako mwenyekiti wake, Ferdinand Piëch, hakuficha hamu yake. Mwezi Mei 2014 akatangaza mpango: euro bilioni 5, magari mapya 8, na mauzo ya magari 400,000 kwa mwaka ifikapo 2018. Nilipousoma mpango ule nilifurahi, sikatai. Kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyolianza lile gari la kwanza. Alikusanya kikundi cha wahandisi, akawatenga na ofisi za kawaida za Fiat, wakakaa Modena chini ya Philippe Krief aliyetokea Ferrari, wakaambiwa waanze upya. Hakuna kuazima msingi wa gari la familia la Fiat. Injini ilale kwa urefu, nguvu iende magurudumu ya nyuma.

Gari hilo, sedani iitwayo Giulia, lilioneshwa tarehe 24 Juni 2015, siku ya kuadhimisha miaka 105 ya kampuni, kwenye jumba la makumbusho la Arese. Toleo la Quadrifoglio, lile lenye alama ya jani la kijani ubavuni ambayo Alfa wanaitumia kwenye mbio tangu dereva wao Ugo Sivocci aliposhinda mbio za Targa Florio mwaka 1923, lilikuja na V6 ya lita 2.9 yenye tabo mbili na nguvu farasi 510. Mwaka 2016 lilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 32, muda ambao sedani za Kijerumani za aina yake hazikuwa nao.

Lakini namba hizo ndizo zinazosemwa kila mara, na mimi naona zinaificha sifa halisi ya Giulia. Iko kwenye matoleo ya kawaida. Shafti inayopeleka nguvu nyuma ni ya kaboni hata kwenye zile za bei ya chini. Uzito umegawanywa nusu mbele, nusu nyuma. Usukani una uwiano wa 11.8 kwa 1, yaani unageuza mkono kidogo na gari limeshafika unakotaka. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha dereva cha Giulia ya petroli ya lita 2.0 na kuiendesha. Kitufe cha kuwashia kiko juu ya usukani wenyewe, upande wa kushoto, karibu na kidole gumba. Nyuma ya usukani kuna vibao viwili virefu vya alumini vya kubadilishia gia; havizunguki na usukani, vimefungwa kwenye mhimili wake, na ni vikubwa kiasi kwamba mkono unavipata hata ukiwa katikati ya kona. Unavisikia ubaridi wake vidoleni. Barabara ya lami yenye viraka ilipita chini yangu na nikajua kila kiraka kilipo, ila mgongo haukuumia. Wahandisi wa lile gari walikuwa wanalipenda. Mtu hapati matokeo yale kwa kufuata orodha ya gharama.

Stelvio ikafuata, ikaoneshwa Los Angeles Novemba 2016, ikipewa jina la njia ya mlimani yenye urefu wa mita 2,758 kutoka usawa wa bahari. Nayo imesimama juu ya msingi uleule wa Giulia, uitwao Giorgio, na inaendeshwa kama gari la chini ingawa imeinuka.

Hapo ndipo mpango ulipoishia. Kati ya magari 8 yaliyoahidiwa yalikuja hayo mawili. Mauzo hayakufika hata nusu ya 400,000. Giulia ilitoka wakati wateja wanahama sedani kwenda kwenye magari ya juu, na haikupewa toleo la stesheni wagoni ambalo ndilo linalonunuliwa sana na makampuni ya Ujerumani na nchi jirani. Majaribio ya mwanzo ya waandishi wa habari, hasa Marekani ambako Alfa walikuwa wametoka 1995 na sasa wanarudi, yaliripoti taa za onyo na hitilafu za umeme. Mengi ya hayo yalirekebishwa miaka iliyofuata. Sifa mbaya haikurekebishika kwa kasi ileile, kwa kuwa mteja wa Marekani aliyekuwa hajaiona Alfa kwa miaka karibu 20 alikuwa anaikumbuka kwa jambo moja tu, na sasa akathibitishiwa.

Mimi nadhani hata hayo yangevumilika kama pesa zingeendelea kuingia. Juni 2018 Marchionne akatangaza mpango mwingine, wenye GTV mpya na 8C mpya. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo akafariki. Oktoba 2019 kampuni ikayafuta magari hayo mawili ya kispoti. Giorgio, msingi uliogharimu fedha nyingi na ambao wahandisi walikesha nao, Alfa yenyewe haikuutumia kwa gari jingine jipya. Kila nikilifikiria hili nasikitika upya. Umeshajenga nyumba, umeshachimba kisima, maji yametoka, halafu unaacha kununua ndoo.

Januari 2021 Fiat Chrysler iliungana na PSA, wenye Peugeot na Citroën, ikazaliwa Stellantis. Carlos Tavares aliyeiongoza alizipa chapa zake zote miaka 10 ya kujithibitisha. Alfa ikapewa Jean-Philippe Imparato kutoka Peugeot, na kwa haki lazima niseme mtu huyu alifanya kazi iliyohitajika. Alichelewesha gari jipya, Tonale, kwa sababu hakuridhika na nguvu ya toleo la haibridi ya kuchaji. Alisisitiza ubora kabla ya wingi. Tonale ikaoneshwa Februari 2022, inaundwa Pomigliano d'Arco, kiwanda kilekile cha Alfasud, na chini yake kuna mitambo ya familia ya Jeep Compass. Ni gari zuri la kukaa nalo. Uso wenye taa tatu-tatu unapendeza kweli. Ila ukitoka kwenye Giulia ukaingia humo, unasikia mikononi kwamba hapa wahandisi walipewa kitu kilichokwishaamuliwa.

Junior nayo iko hivyo kwa karatasi: msingi mmoja na Jeep Avenger, Fiat 600 na Peugeot 2008. Nilikuwa tayari kuikataa. Kisha nikasoma walichofanya kwenye toleo la Veloce, lile la umeme lenye nguvu farasi 280. Wameweka difrenshali ya Torsen mbele, kifaa cha kimakanika kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko, kwenye gari dogo la umeme ambalo hakuna mnunuzi aliyelidai. Wamebadilisha uwiano wa usukani ukawa 14.6. Wamelishusha. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliotoka kwenye miradi kama Giulia GTA ya 2020, ile ya nguvu farasi 540 na idadi ya magari 500. Hawa watu wamepewa jiko la jirani na sufuria za jirani, na bado chakula kina mkono wao. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Na kuna 33 Stradale ya Agosti 2023: magari 33 tu, yote yalishapata wenyewe kabla pazia halijafunguliwa. Nimeziangalia picha zake sana, milango inayokunjukia juu ikibeba na kipande cha paa. Siwalaumu waliolitengeneza. Ila magari 33 hayalipi mishahara ya Cassino, kiwanda kinachounda Giulia na Stelvio, ambako wafanyakazi wamekuwa wakipelekwa likizo ya lazima kwa kukosa kazi.

Mwaka 2024 mambo yakabadilika tena. Oktoba Imparato akahamishiwa kazi nyingine ndani ya Stellantis na nafasi yake akachukua Santo Ficili. Desemba Tavares mwenyewe akajiuzulu. Stelvio mpya, iliyopangwa kuja 2025 ikiwa ya umeme mtupu, ikaahirishwa ili ipewe pia injini zinazochoma mafuta, kwa kuwa wateja wa magari ya umeme ya daraja hilo hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Giulia na Stelvio za sasa zimeongezewa maisha mpaka 2027. Mwaka 2025 ushuru wa Marekani kwa magari ya Ulaya ukaongezeka, na Alfa hawana kiwanda chochote huko.

Kwa hiyo Giulia iliyoanza kuundwa 2016 itakuwa na miaka 11 inapoondoka. BMW na Mercedes-Benz katika kipindi hicho wamebadilisha kizazi kizima cha magari yanayoshindana nayo. Kuahirisha naunga mkono. Heri Stelvio ichelewe ikiwa kamili kuliko iletwe ya umeme pekee halafu ikae kwenye yadi za wauzaji. Ninachokiogopa ni kilekile: kwamba Stelvio ikitoka, itasifiwa, kisha mrithi wa Giulia atasogezwa mbele, kisha atafutwa kwenye mkutano ambao hatutaambiwa ulifanyika lini.

Huku kwetu Alfa ni nadra na sababu zake ni za kueleweka. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japani, na fundi wa mtaani anazijua injini za Toyota gizani. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukaulizia pampu ya maji ya Giulia, utaangaliwa kwa huruma. Spea itabidi uagize Uingereza na kusubiri. Kupima gari kwa kompyuta kunahitaji programu inayolijua gari la Kiitaliano la kizazi hiki, na si kila gereji inayo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, hivyo Giulia za mwanzo zimeshapitwa na wakati huko; Tanzania linaingia, ila linalipiwa ushuru wa uchakavu. Hata hivyo Giulia ziliuzwa Japani na Uingereza zenye usukani wa kulia, na bei yake ya mitumba hushuka haraka kuliko ya BMW ya umri huohuo. Anayepoteza ni mnunuzi wa kwanza. Sisi wa pili tunapata nafasi.

Wapo wanaoniambia ni bora kampuni hii iachwe ifungwe kwa heshima, ibaki ile makumbusho ya Arese, ambayo jirani yake, kwenye eneo la kiwanda cha zamani, tayari kuna jengo kubwa la maduka. Sikubaliani nao hata kidogo. Ujuzi ulioiunda Giulia haujafa. Wengi wa watu wale bado wako kazini, na Junior Veloce ni ushahidi. Stellantis wanazo chapa 14 na hela hazitoshi kwa zote, hilo najua. Basi wachague. Kama Alfa imo kwenye zitakazobaki, ipewe Stelvio, na ndani ya miaka miwili ipewe Giulia yenye magurudumu ya nyuma na stesheni wagoni yake, vyote vikiwa vimeshalipiwa kabla ya uzinduzi wa kwanza ili asije bosi mwingine akavifuta.

Kwa upande wangu natafuta Giulia ya petroli ya lita 2.0, kuanzia mwaka 2020 walipoiwekea skrini ya kugusa na kuiboresha ndani, yenye kitabu cha huduma kilichojazwa mwaka hadi mwaka. Rangi yoyote, ila ikiwa nyekundu nitaongeza bei.